Kitunguu saumu katika chakula cha samaki: ni kinga, si dawa

Tilapia wakianza kufa kiziwani, wengi wetu tunakimbilia kununua antibiotike na kuzimwaga ndani ya maji. Feza inapotea, samaki wanaendelea kufa. Kinga ilipaswa kuanza mbele, katika chakula.

Kitunguu saumu tuko nacho nyumbani. Pondeni gramu 10 mpaka 20 kwa kilo 1 ya pumba na soya. Kiacheni dakika 10 ili nguvu yake itoke. Kama chakula kimepikwa, ngojeni kwanza kipoe, maana moto unaua nguvu hiyo. Changanyeni vizuri, anikeni kivulini, lisheni samaki wangali wazima. Samaki mgonjwa hali tena: kitunguu kitamfikia namna gani?

Lakini tusidanganyane. Samaki wakipanda juu asubuhi kutafuta hewa, mara nyingi maji ndiyo yamekosa hewa. Hapo kitunguu hakisaidii. Acheni kulisha, ingizeni maji mapya.

Tujaribu kwanza kwenye kiziwa kimoja, kingine kibaki kama kawaida. Andikeni katika kaye kila samaki anayekufa, kisha tulinganishe hesabu pamoja kwenye mkutano wa koperative.