Kadi Moja ya Damu, Vipimo Viwili

Mnunuzi wa alizeti mkoani Singida hafungi mzigo kabla ya kuangalia sampuli. Mbegu za kiganja kimoja humwonyesha unyevu na takataka fedha ikiwa bado mfukoni.

Kwa mtoto mchanga, sampuli ni tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye kadi. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Ugonjwa huu wa kurithi huharibu bandama mapema, kinga ikapungua, na homa ya mapafu ikaweza kumuua mtoto kabla wazazi hawajajua tatizo.

Kanda ya Ziwa imeonyesha njia ya kupunguza gharama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kadi zilizokwisha kukusanywa kwa kipimo cha VVU zilipimwa pia selimundu huko Bugando, Mwanza. Kati ya sampuli zaidi ya 17,000, asilimia 1.2 zilikuwa na ugonjwa. Lori lilikwisha kulipiwa. Liliongezewa gunia tu.

Marekani hutumia kadi ya namna hiyo kupima pia upungufu mkali wa kinga wa kurithi. Jimbo la Wisconsin lilianza mwaka 2008.

Faida iko kwenye kuwahi. Mtoto aliyegunduliwa mapema huanzishiwa penisilini, dawa ya bei nafuu, na chanjo. Upandikizaji wa uloto, ulioanza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023, unadai mtaji mkubwa. Na kwa mwenye duka, kila siku ya wodini ni siku ya mlango kufungwa.