Mhusika wa Tatu: Bima na Haki ya Majeruhi

Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi 'bima ya mhusika wa tatu'. Mhusika wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule anayegongwa, ingawa hakutia saini mkataba wowote.

Tuchukue mfano wa mpita njia aliyegongwa Kombewa, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Bondo. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kukata bima hiyo. Majeruhi akishinda kesi, kampuni hulipa fidia isiyozidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, mradi iwe iliarifiwa kuhusu kesi kwa wakati.

Je, gari lisipokuwa na bima? Uingereza ina shirika linalowafidia waathiriwa kama hao tangu mwaka 1946, Kenya haina. Majeruhi hubaki kumdai mwenye gari peke yake, na huyo akiwa hana kitu, hukumu hubaki karatasi tupu.

Kwa hivyo, majeruhi au jamaa zake wapige ripoti mapema na kuchukua abstrakti ya polisi, ambayo huonyesha bima ya gari. Kesi nayo ifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita. Naye mwenye uwezo ajikatie bima ya ajali binafsi, kwani kinga ya sheria hukomea pale bima ya mwenzake inapokosekana.