Uimla: Neno Lililotoka Darasani

Wengi hulisikia neno uimla redioni na kwenye mikutano ya siasa. Maana yake ni utawala unaopinga demokrasia, ambapo mtu mmoja au kikundi kidogo huamua kila jambo bila kuhojiwa.

Asili ya neno hili ni imla, lile zoezi la shuleni ambalo mwalimu husoma na wanafunzi huandika. Mwanafunzi haongezi neno wala hapunguzi. Imla ilitoka katika Kiarabu, ikiwa na maana hiyo hiyo ya kusomea watu waandike. Kiswahili kikaweka u- mwanzoni, likawa jina la utawala: mkubwa anasoma, raia wanaandika.

Neno dikteta nalo lina historia kama hiyo. Chanzo chake ni Kilatini, dictare, yaani kusema ili wengine waandike. Katika Roma ya kale, dikteta alikuwa afisa halali aliyeteuliwa wakati wa hatari, na kwa kawaida muda wake haukuzidi miezi 6. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipewa cheo hicho kwa maisha. Ukomo ukaondoka.

Hapa Kenya, mwaka wa 1982 Katiba ya wakati huo iliongezwa Kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja pekee. Kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika mwaka uliofuata. Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi.

Kwa serikali za kaunti, Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha umma kushiriki katika kazi zake. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufikishwa bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka. Wananchi wakiitwa ukumbini kupigia makofi orodha ya miradi iliyokwisha kuamuliwa, hiyo ni imla, hata kama viti vyote vimejaa.

Mkazi ana haki ya kuomba stakabadhi mapema chini ya Kifungu cha 35, kuuliza kwa nini zahanati imeachwa na barabara ikachukuliwa, na kuwasilisha ombi kwa mamlaka chini ya Kifungu cha 37. Wakazi wasipozitumia haki hizo, wengine watasoma na wao watabaki kuandika.