Kichwa Kikubwa cha Mtoto: Utepe Utangulie Kisu

Ubongo wa mtu mzima hutengeneza maji karibu nusu lita kwa siku. Maji hayo hupita kwenye vyumba vya ubongo, huuzunguka pamoja na uti wa mgongo, kisha hurudi katika damu. Njia ikiziba, yanaendelea kutengenezwa, na kwa kuwa fuvu la mtoto mchanga halijaungana, kichwa hupanuka: utosi hutuna, mishipa hujitokeza, macho huelemea chini hadi mboni kufichwa nusu na kope. Hayo yakionekana, ubongo umekwisha kubanwa. Ndiyo sababu nasema kwamba Lubumbashi inahitaji utepe wa kupimia kabla ya kuhitaji wapasuaji zaidi. Katika miezi 3 ya kwanza kichwa hukua takriban sentimita 2 kwa mwezi. Kikipimwa na kuandikwa kila siku ya chanjo, kinachokimbia kitajulikana mapema, kabla familia haijamaliza miezi katika vyumba vya maombi. Sala haikatazwi, inaweza kuendelea mtoto akiwa hospitali.

Wengi mjini wataniambia chanzo ni migodi. Hawasemi ovyo: utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health uliona kasoro za kuzaliwa zikihusiana na kazi ya baba migodini. Ila ulihusu kasoro za aina nyingi, na uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Vumbi la madini lichunguzwe bila woga, lakini vyanzo vinavyojulikana visisubiri. Huko Mbale, Uganda, Dkt. Benjamin Warf alikuta takriban asilimia 60 ya watoto wenye kichwa kikubwa aliowatibu wameugua baada ya maambukizi. Wengine huzaliwa na mgongo wazi, ambao asidi foliki huupunguza sana, mradi mama aanze kuitumia kabla ya mimba, kwani uti hujifunga ndani ya wiki 4 za kwanza.

Kuna pingamizi zito zaidi: kupima kuna faida gani ikiwa bomba linalowekwa kupeleka maji ya ubongo tumboni huziba, na mpasuaji yuko mbali? Mbale walipata njia nyingine, ya kutoboa mlango mpya wa maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu inayoyatengeneza. Jaribio la watoto 100 lililochapishwa mwaka 2017 halikuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka. Hata hivyo, hakuna inayorudisha ubongo uliokwisha kuharibika, na zote mbili zinaweza kuziba. Basi mtoto aliyepasuliwa akianza kutapika na kusinzia ovyo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asirudishwe nyumbani na dawa ya malaria kabla kichwa chake hakijakaguliwa.