Lango la Kelele: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kulinunua

Gitaa la umeme si kitu kigeni katika maisha ya askari wa Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi majeshi na polisi wa nchi hizi wamekuwa na bendi zao za dansi. Huko Tanzania, Polisi Jazz na Kimulimuli Jazz ya Jeshi la Kujenga Taifa zilijipatia sifa kubwa. Siku hizi chombo hicho kimeingia pia makanisani, mashuleni na katika vyumba vya vijana wanaoishi na wazazi wao kotani. Pamoja nacho umeingia udhia mmoja: mvumo usiokoma hata mpigaji akiondoa vidole vyake nyuzini. Askari aliyerudi kutoka zamu ya usiku, akajilaza upande wa pili wa ukuta mwembamba, huujua mvumo huo pengine kuliko mpigaji mwenyewe.

Dawa inayosifiwa sana madukani ni kisanduku kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, ambacho wapigaji hukiita lango la kelele. Ni chombo chenye manufaa ya kweli. Lakini bei yake si haba kwa mtu wa mshahara, na mara nyingi hununuliwa kutibu ugonjwa usio wake. Yafaa basi familia ielewe kwanza kelele yenyewe hutoka wapi, ndipo iamue kama fedha zitolewe au zibaki kwenye akiba.

KELELE HUTOKA WAPI

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kinasa-mlio: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya huo na kupelekwa kwenye amplifaya ukuzwe. Taabu ni kwamba waya huo hauchagui. Hunasa mtikisiko wa uzi, na hunasa pia umeme wa nyumba unaopita ukutani, kwenye taa za mirija na katika mashine zilizo jirani. Katika nchi zetu umeme huo huzunguka mara 50 kwa sekunde, na ndio unaosikika kama mvumo mzito wa nyuki.

Mafundi walitafuta tiba ya jambo hili zamani. Mwaka 1955 Seth Lover, aliyekuwa fundi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliomba hataza ya kinasa chenye koili mbili. Koili hizo hupangwa kinyume, hata kelele za moja zikazifuta kelele za nyingine, ilhali mlio wa nyuzi hujumlishwa. Ndiyo sababu gitaa lenye vinasa vya koili mbili huwa tulivu kuliko lenye vinasa vya koili moja.

Kelele ya pili ni mchakacho kama wa maji yanayotiririka. Hiyo huzaliwa ndani ya vyombo vyenyewe, hasa katika pedali ya distoshani, ile inayokwaruza sauti ya gitaa kwa kuikuza kupita kiasi. Pedali hiyo hukuza kila iletewacho, muziki na takataka pamoja.

KUTAFUTA CHANZO

Uchunguzi wake hauhitaji fundi. Kwanza, pedali zote ziondolewe, gitaa liunganishwe moja kwa moja na amplifaya kwa waya mzima. Kisha sauti ya gitaa ipunguzwe mpaka mwisho kwa kitufe kilicho kwenye gitaa lenyewe. Mvumo ukipotea, chanzo chake ni gitaa au mahali aliposimama mpigaji. Na ageuke taratibu, asogee mbali na taa na amplifaya, azime simu yake, asikilize tofauti. Mvumo ukibaki vile vile, shina lake liko katika amplifaya au katika umeme wa nyumba. Baada ya hapo pedali zirudishwe moja moja. Ile inayoleta kelele itajitambulisha yenyewe.

Mara nyingi mkosaji ni waya uliolegea kwenye jeki, au adapta moja duni inayolisha pedali nne kwa mkupuo. Waya mpya au kulehemu kidogo huenda kukamaliza shauri lote.

JAMBO LA KUFA NA KUPONA

Iko njia moja ya kunyamazisha mvumo ambayo haifai kujaribiwa na yeyote: kukata waya wa ardhi wa amplifaya, au kung'oa pini yake kwenye plagi. Ni kweli kwamba mvumo huweza kutoweka. Lakini nyuzi za gitaa zimeunganishwa kwa waya na bati la amplifaya. Hitilafu ikitokea ndani na waya wa ardhi haupo, umeme wa volti 230 au 240 huweza kufika nyuzini na kumngojea mpigaji asogeze mdomo kwenye maikrofoni.

Hii si hadithi ya kuwatishia watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, aliuawa na umeme jukwaani alipogusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi ipasavyo. Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la Yardbirds, alikufa nyumbani kwake Uingereza akipiga gitaa la umeme lililokuwa na hitilafu ya aina hiyo. Mpigaji akihisi kuchonyotwa vidoleni au mdomoni, azime vyombo papo hapo na kumwita fundi wa umeme. Hakuna pedali inayotibu hali hiyo.

LANGO HUFANYA KAZI GANI

Lango la kelele linafanana na askari wa lindo. Limewekewa kipimo, ambacho tunaweza kukiita kizingiti. Sauti yenye nguvu kuliko kizingiti hupita. Iliyo dhaifu kuliko kizingiti hukuta mlango umefungwa. Mpigaji anapocharaza, mlango hufunguka. Anaponyamaza, hujifunga, na mvumo hubaki nje.

Kutokana na mfano huo msomaji ataona upungufu wake. Askari huyo hawezi kumtenga mwema na mwovu walioshikana mikono: mlango ukiwa wazi, muziki na kelele huingia pamoja. Lango hunyamazisha kimya, halisafishi muziki. Kama kelele inasikika hata wakati wa kupiga, lango halitasaidia.

Kizingiti kikiwekwa chini mno, kelele hupenya. Kikiwekwa juu mno, noti laini hukataliwa na noti ndefu hukatwa mkia kabla haijafa kwa uzuri wake. Ndiyo maana malango mengi yana kitufe cha pili, cha muda wa kufunga. Anayepiga vipande vifupi vya ghafla hutaka mlango ufungwe upesi. Anayevuta noti ndefu hutaka ufungwe polepole.

AINA ZILIZOPO

Lango linalojulikana sana ni NS-2 la kampuni ya Boss ya Japani, lililotoka mwaka 1987. Lina kitufe cha kizingiti na cha muda wa kufunga, na laweza kutumia betri ya volti 9. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitoa NS-1X, linalofanya kazi kwa dijitali na kuongeza kitufe cha kuamua kelele ipunguzwe kwa kiasi gani. Decimator la ISP Technologies ya Marekani, katika umbo lake la kawaida, lina kitufe kimoja tu cha kizingiti, jambo linalowapendeza wasiopenda mambo mengi. Sentry la TC Electronic ya Denmaki huweza kuzigawa sauti nzito na nyembamba na kuzichunga mbali mbali, hata mchakacho ukazuiwa bila kukata noti nzito.

Tofauti kubwa ya kuitazama si jina bali matundu ya waya. Lango rahisi lina tundu la kuingilia na la kutokea basi. Lango kama NS-2, NS-1X na Sentry lina matundu mawili zaidi, ya kupeleka na kurudisha. Gitaa huingia langoni kwanza, likatoka kwenda kwenye distoshani, likarudi langoni, ndipo likaenda kwenye amplifaya. Faida yake ni kwamba mlinzi husikiliza gitaa safi kabla halijakwaruzwa, akajua barabara lini mpigaji ameanza na lini amenyamaza, huku akizuia kelele inayozaliwa mbele na distoshani. Hesabu ya nyaya nayo iwekwe akilini: mpangilio huo wahitaji nyaya nne, na ule rahisi watosha kwa tatu. Asiyekumbuka hilo dukani atalikumbuka nyumbani.

Kwa lango rahisi, mahali pake ni baada ya distoshani na kabla ya pedali za mwangwi. Likiwekwa baada ya mwangwi, litaukata mwangwi wenyewe katikati.

KUJARIBU DUKANI

Mnunuzi aende na gitaa lake na, ikiwezekana, pedali yake ya distoshani, kwa maana lango lililonyamazisha gitaa la muuzaji si lazima linyamazishe la mwingine. Kizingiti kianzie sifuri. Bila kugusa nyuzi, kipandishwe taratibu mpaka kelele ifunge, kisha kiachwe hapo. Ipigwe noti moja laini na iachwe ife yenyewe. Ikikatika ghafla, au ikitetemeka kwa kufunga na kufungua, muda wa kufunga urefushwe au kizingiti kishushwe. Ikishindikana kupata mahali ambapo kelele hufunga na noti laini hupona, pedali hiyo haikufaa, hata ingekuwa na jina kubwa.

Volti na mwelekeo wa umeme wa adapta vilingane na maandishi yaliyo kwenye pedali. Pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati. Anayenunua chombo kilichokwisha kutumika akikanyage mara kadhaa na kutikisa nyaya kwenye matundu asikie kama sauti inakatika.

ASIYEHITAJI

Mpigaji wa muziki wa dansi, ambaye gitaa lake hulia safi bila kukwaruzwa na halina nafasi ya kunyamaza tangu wimbo uanze hadi uishe, kwa kawaida hana haja kubwa ya lango. Kwake yeye nyaya nzuri, adapta nzuri na umeme wenye ardhi salama ni ununuzi bora. Lango linamfaa zaidi apigaye kwa distoshani nyingi na kusimama ghafla, na bendi ambayo magitaa yake huvuma wakati wa hotuba kati ya wimbo na wimbo.

Kwa hiyo mzazi aliyeombwa fedha na kijana wake amtake kwanza afanye ule uchunguzi wa chanzo mbele yake. Ni kazi ya nusu saa, haigharimu kitu, na jibu lake litaonyesha kama fedha ziende kwa muuza pedali, kwa muuza nyaya, au kwa fundi wa umeme. Ikiwa ni kwa fundi, aitwe siku hiyo hiyo.