Kuacha Pombe Nyumbani: Tuangalie Pia Miraa na Vidonge



Je, mtu aliyefungwa na pombe anaweza kuacha bila kutibiwa? Ndiyo, wengi wameacha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Marekani mwaka 2001 na 2002 uliwapata watu 4,422 waliokuwa wamefungwa na pombe miaka ya nyuma. Kama robo tu ndio waliowahi kupata matibabu. Hata hivyo, robo tatu hawakuwa tena wamefungwa namna ile, ingawa wengine bado walikuwa na shida kidogo.

Lakini hapa kwetu mlevi mara nyingi ana kitu cha pili. Chukua mfano wa kijana wa kibarua. Anatafuna miraa mchana apate nguvu. Usiku miraa inamnyima usingizi, basi anakunywa chang'aa kuondoa stimu. Asubuhi ni mchovu, anarudia miraa. Huyu akiapa kuacha chang'aa na miraa iendelee, usiku utamrudisha kule kule. Kwa hiyo apunguze miraa pia, hasa ya jioni. Akiiacha atakuwa mchovu na mzito wa moyo siku chache. Msimwite mvivu.

Vidonge vya usingizi, kama vile vinavyoitwa bugizi huko Pwani, ni hatari zaidi. Vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima pumzi. Na mtu aliyevizoea akiviacha ghafla anaweza kupata kifafa. Vipunguzwe polepole, daktari akiangalia.

Pombe yenyewe pia ina hatari hiyo. Anayeamka akitetemeka mpaka anywe kwanza, asiache ghafla peke yake. Siku nne za kwanza ndizo mbaya. Mkiona kifafa, kuchanganyikiwa, au anaona vitu ambavyo haviko, mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku. Hayo si mapepo wala si kujifanya. Yanaweza kuua.

Kikundi kifanye nini?

1. Muulizeni kwa upole anatumia nini zaidi ya pombe. Akiogopa kuaibishwa, ataficha.

2. Kwanza aende dispensari aangaliwe kama anaweza kuachia nyumbani.

3. Akikubali, mweka hazina amwekee pesa za kibarua, na nyingine apewe mama watoto za unga.

4. Mpeni kazi ya kikundi jioni, saa ile alizoea kwenda kwa mama pima.

5. Akianguka, msimfukuze. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kushinda.

Kwa ushauri, pigeni simu ya NACADA, namba 1192, bila malipo.

Ndugu zangu, kuacha bila kutibiwa si kuachwa peke yako. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kimtembelee mmoja.