Benzi na Wabenzi

Siku ya wazazi muhula uliopita, motokaa moja kuukuu ya Mercedes-Benz, nyeupe, iliingia polepole katika lango la shule yetu hapa Elerai. Sisi tuliokuwa zamu ya kumwagilia maua tulisimama kuitazama, na mmoja wetu akapaza sauti, "Wabenzi hao wanakuja!" Wote wakacheka. Sitaki kuwaficha wasomaji: aliyepaza sauti ni mimi. Katika kiti cha nyuma alikaa msichana wa darasa letu pamoja na mama yake. Aliinamisha kichwa, na tangu siku ile hakusema nami neno.

Jioni nilimwamkia babu yangu, nikamsimulia jambo hilo nikitazamia kwamba atacheka. Babu alifanya kazi ya udereva mpaka alipostaafu. Hakucheka. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, motokaa hiyo unaijua? Na neno hilo, unajua lilikotoka?" Nikasema, "Hapana, babu." Akasema, "Basi umetukana kitu usichokijua." Tangu hapo nimesoma vitabu nilivyoweza kuvipata, na babu nimemwuliza maswali mpaka amechoka. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa ajili ya wenzangu waliocheka pamoja nami.

Jina la Mercedes-Benz ni majina ya watu wawili, na mmoja wao hakutengeneza hata parafujo moja. Benz ni Karl Benz, fundi wa mji wa Mannheim katika Ujerumani. Tarehe 29 Januari 1886 aliomba serikali impe hati ya kumiliki uvumbuzi wake, yaani kigari cha magurudumu matatu kilichoendeshwa kwa injini ya petroli. Mwaka uleule fundi mwingine, Gottlieb Daimler, pamoja na mwenzake Wilhelm Maybach, walitia injini katika gari la magurudumu manne karibu na mji wa Stuttgart. Ama Mercedes alikuwa mtoto wa kike. Baba yake, Emil Jellinek, alikuwa tajiri aliyeuza motokaa za Daimler kusini mwa Ufaransa, naye alizipa motokaa zake za mashindano jina la binti yake. Zilishinda sana mwaka 1901, na jina likabaki. Makampuni hayo mawili, la Benz na la Daimler, yaliungana mwaka 1926. Nyota yenye ncha tatu ilikuwa alama ya Daimler tangu 1909, na maana yake ni kwamba injini zao zingetumika katika nchi kavu, majini na hewani.

Lakini mtu ninayempenda mimi katika habari hizi zote ni Bertha, mke wa Karl Benz. Kigari cha mumewe kilikuwa kimekwisha kutengenezwa, lakini wanunuzi hawakuonekana. Watu walikiogopa. Basi siku moja ya Agosti mwaka 1888 Bertha aliondoka na wanawe wawili pasipo kumwambia mumewe, wakaenda na kigari hicho mpaka Pforzheim kumwona mama yake. Safari ile ilikuwa ya kilomita 100 na zaidi kidogo, karibu sawa na kutoka Arusha mpaka Namanga. Hapakuwa na kituo cha petroli popote duniani. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka aliufunga kwa ukanda wa soksi. Breki za mbao zilipolika alimwendea mshona viatu akampigilia vipande vya ngozi. Milimani wale vijana walishuka wakasukuma. Babu aliposikia hayo alisema kwamba huyo mama alikuwa fundi kuliko mafundi wengi aliopata kuwajua yeye.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari. Motokaa zilizoingia zilikuwa kama zile zinazouzwa dukani, na njia ilikuwa njia ya kila siku: vumbi, mawe, matope, na mito iliyofurika, kwa maana baadaye yalifanywa wakati wa Pasaka, nayo Pasaka kwetu ni masika. Mwaka 1963, katika motokaa 84 zilizoondoka, ni 7 tu zilizomaliza.

Babu alikuwa kijana wa miaka kumi na saba alipoanza kazi ya kushika spana katika gereji moja mjini Arusha, mwaka 1959. Fundi mkuu alikuwa Singasinga mmoja, mwenye redio, na siku za Safari kazi ilisimama. Mwaka huo alishinda Bill Fritschy katika Mercedes-Benz 219. Mwaka 1960 akashinda tena Fritschy, katika motokaa ya aina ileile. Mwaka 1961 alishinda John Manussis katika Mercedes-Benz 220 SE. Miaka mitatu mfululizo! Mbele ya hapo Volkswagen ilikwisha kupata sifa yake, na mwaka 1962 ikashinda tena, hata ikawa kwamba katika Safari kumi za kwanza motokaa za Kijerumani zilichukua ushindi mara nane. Yule fundi alikubali kwa shingo upande kwamba Wajerumani wanajua kazi. (Furaha yake kamili aliipata mwaka 1965, aliposhinda Joginder Singh, ila kwa motokaa ya Volvo iliyotoka Sweden.)

Nilitaka kujua sababu ya ushindi ule. Babu alinieleza kwa kutumia kikapu na fremu ya kitanda. Motokaa za zamani zilikuwa na chasisi, yaani fremu ya chuma chini, na bodi imewekwa juu yake kwa bolti. Njia mbaya huitikisa fremu huku na bodi kule, mpaka bolti zinalegea na milango haifungi. Katika 219 bodi na sakafu vilichomelewa pamoja vikawa kitu kimoja, kama kikapu kilichosukwa: ukikishika popote, chote kinabeba mzigo. Katika 220 SE herufi E ilitokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kunyunyizia, kwa kuwa petroli ilinyunyizwa kwa pampu badala ya kuvutwa na kabureta.

Motokaa hiyo ya 220 SE ilikuwa na jambo jingine ambalo macho hayakuliona. Mhandisi wa kampuni, Béla Barényi, alikuwa amefikiri kinyume cha watu wote. Wengine walisema motokaa nzuri ni ile ngumu kila mahali. Yeye alisema pua na mkia viwe laini kidogo vikunjike katika ajali, na chumba cha katikati wanamokaa watu kiwe kigumu. Chuma kinapokunjamana hula nguvu ya mgongano kabla haijawafikia watu. Mpango huo ulitumiwa kwanza katika motokaa za aina hiyo zilizotoka mwaka 1959, na leo karibu kila motokaa duniani imeufuata. Mwaka 1978 kampuni ilianza pia kuuza motokaa zenye breki zisizofunga gurudumu kabisa. Gurudumu likifungwa huteleza kama kipande cha sabuni na usukani haufanyi kazi. Breki hizo hushika na kuachia haraka haraka, na dereva anaweza kukwepa.

Nisisifu tu. Wakati wa vita ya pili ya dunia kampuni hiyo iliitengenezea serikali ya Hitler injini za ndege na malori. Mwaka 1944 karibu nusu ya wafanya kazi wake walikuwa watu waliolazimishwa: mateka wa vita, watu wa nchi zilizotekwa, na wafungwa wa kambi za mateso. Ilipita miaka zaidi ya arobaini kabla ya kampuni kutoa fedha kwa ajili yao, Mark milioni 20 mwaka 1988. Fundi aliyemfundisha babu, alipomkabidhi spana, hakuyajua hayo, wala babu.

Basi motokaa iliyosifiwa kwa kushinda matope ilikuwaje ikawa tusi?

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anaweza kuona ujanja wa neno lenyewe. Tunasema Wameru, Waarusha, Wachaga, Wamasai. Uhuru ulipopatikana katika Afrika ya Mashariki, lilionekana kabila jipya ambalo halikuwa na mlima wala bonde lake, wala lugha, wala jando. Lililowaunganisha ni motokaa. Ofisa aliyekuwa akienda kwa baiskeli juzi, leo alikaa nyuma ya dereva, kioo kimepandishwa. Watu wakawaita Wabenzi, Kenya na kwetu pia, na kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Walipolalamikia mishahara ya wakubwa, Mwalimu Nyerere alikasirika sana. Aliwarudisha makwao kwa mamia. Lakini siku ileile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha, tarehe 26 mpaka 29 Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Jumba lake la makumbusho lipo mjini, karibu na mnara wa Mwenge wa Uhuru. Wengi wetu tumepita nje tu.

Nilisoma Azimio nikiitafuta Benzi. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Motokaa haikukatazwa. Lakini mahali pengine Azimio linasema kwamba barabara za lami ziko zaidi mijini na zinawafaa hasa wenye motokaa, nazo zinalipwa kwa mazao ya mkulima. Nilipomsomea babu sehemu hiyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema baba yake alilima kahawa.

Mwaka ule wa 1967 babu alikuwa dereva wa mkubwa mmoja katika ofisi moja hapa mjini, na motokaa ilikuwa Benzi. Alfajiri alitoka nyumbani kwa baiskeli, akaifikia ofisi akiwa na vumbi mpaka nyusini, akanawa, akavaa shati jeupe, akaipangusa Benzi na kumfuata mkubwa wake. Siku moja alitumwa peke yake kwenda kuiosha. Vijana waliokaa kando ya njia walimpigia kelele, "Mbenzi! Mbenzi!" na mmoja akarusha tope likaingia dirishani. Babu aliisafisha mara mbili. Hata hivyo mkubwa aliona doa katika kiti, akamkata mshahara wa siku tatu. "Mwenye Benzi hakutukanwa," babu aliniambia. "Nilitukanwa mimi, mwenye baiskeli." Hilo ndilo lililomzuia kucheka.

Masharti ya uongozi yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Siku hizi mkubwa haonekani katika Benzi mara nyingi. Anapanda lile gari refu la Kijapani ambalo watu wameliita shangingi. Sifa ya Benzi yenyewe pia imepata mikwaruzo. Oktoba 1997, huko Sweden, waandishi wa gazeti la motokaa waliijaribu Benzi mpya ndogo kwa kuikwepesha ghafula kama mtu anayemkwepa mnyama njiani, nayo ikapinduka. Kampuni ilisimamisha kuitoa, ikairekebisha, na kuitia kila moja chombo cha kuzuia kuteleza. Mwaka 2020 ilikubali kulipa serikali ya Marekani kiasi cha dola bilioni 1.5, kwa sababu ya madai kwamba injini zake za dizeli zilihadaa vipimo vya moshi. Babu hataki kusikia hayo. Kwake yeye Benzi ni zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1985, na baada ya hapo ni nyota tu iliyobandikwa.

Wiki mbili zilizopita nilimwendea yule msichana nikamwomba radhi. Alinitazama kwanza kama ninamfanyia mzaha tena. Kisha akaniambia kwamba motokaa ile baba yake aliinunua mbovu, akaitengeneza mwenyewe muda wa mwaka mzima, na kazi yake ni kukodishwa Jumamosi kubeba maarusi. Watu wanaitaka hiyo hasa kwa sababu ya jina lake. Viatu vyake vya shule na madaftari yake vinatokana na nyota ile. Siku ya wazazi walichelewa kwa kuwa walikuwa wakiondoa maua ya arusi kwenye boneti.

Nilimweleza babu. Ameniagiza nimwulize baba wa msichana kama springi za mbele ni zile za asili.